Herufi Inayocheka kwenye Kibao cha Hatari

Baba yangu mdogo ni mchoraji wa vibao hapa Kolwezi. Kila anaponunua pinso mpya, haijaribu kwa mstari wala kwa duara. Huijaribu kwa jina moja tu, Kingamyambo, ambalo huliandika kwa rangi nyekundu juu ya kipande cha tripleksi kilichobaki, kisha hulitazama kwa jicho moja kama seremala anavyotazama ubao. Jina hilo, anasema, lina kila kitu. Lina K yenye kigongo na mikono miwili, i ambayo kichwa chake kinaelea, g na y zinazoning'iniza mikia chini ya mstari, b inayopanda juu, na m mbili zinazokula nafasi kama mabwana wawili wanene kwenye benchi moja la taksibasi. Pinso inayoweza kuandika Kingamyambo bila kujikwaa itaandika chochote mtu atakachoagiza katika mji huu.

Kwa wasomaji waliokuja kusoma hapa kutoka mbali: Kingamyambo ni pale yalipolundikwa mabaki ya mawe yaliyosagwa ya Gécamines, vumbi la kijivu ambalo bado lina shaba na kobalti ndani yake. Jina hilo limesafiri kuliko wengi wetu. Mwaka 2009 Serikali ilipovunja mkataba wa kampuni ya First Quantum juu ya mabaki hayo, mradi ukiitwa Kingamyambo Musonoi Tailings, kesi ilikwenda mbali na nchi hii na haikumalizwa hadi mapatano ya mwaka 2012. Nikiwaza karatasi za mawakili wale, naliona jina letu limeandikwa kwa herufi ndogo, nyembamba, zenye vijimkia, zilizosimama kama watu waliovaa tai. Kwenye tripleksi ya baba mdogo jina lile lile ni jekundu, nene, la mviringo, linalotabasamu. Herufi ni kumi na moja zile zile, lakini jina la kwanza linadai na la pili linakaribisha.

Ni hiyo sauti ya pili ninayotaka kuizungumzia, kwa sababu naona imeenea mjini kupita mipaka yake, na kwa sababu sisi wa kitivo cha lugha tunaipita kila asubuhi bila kuiuliza kitu. Tunachambua sentensi, hatuchambui sura iliyovaa.

Herufi yenyewe mnaijua. Ni nene, haina vijimkia mwishoni mwa mistari (vile vidole vidogo tunavyoviona kwenye Times New Roman), na ncha zake zote zimeviringwa kana kwamba zimelambwa. Imeundwa kwa maneno machache makubwa, si kwa ukurasa wa kusoma. Ukiiandika kurasa mbili msomaji atachoka kama mtu aliyelishwa bukari bila mboga. Kwenye kompyuta za sekretaria zilizo karibu na chuo huja kwa jina la Arial Rounded, pamoja na programu za ofisi za Microsoft, bila mtu kuiagiza. Mkubwa wake katika ukoo huo ni VAG Rounded, ambayo kampuni ya Volkswagen ilijitengenezea mwaka 1979 kwa ajili ya vibao vya wauzaji wake, na ambayo Apple waliitumia kwa miaka mingi kwenye vitufe vya kibodi zao. Wengi huwachanganya hawa na Cooper Black, iliyochorwa huko Marekani na Oswald Cooper mwaka 1922. Ile ina vijimkia, ila vimelainishwa mpaka havichomi. Ni binamu, si ndugu.

Lakini tusidhani kwamba umviringo huu tuliletewa ndani ya kompyuta. Nilimuuliza baba mdogo kwa nini herufi zake zote huishia mviringo, nikitegemea jibu la uzuri. Akanicheka: "Pinso haina na kona, mwana." Ndivyo ilivyo. Pinso iliyolowa rangi huanza mstari kwa duara na kuumaliza kwa duara. Ukitaka kona ya mraba lazima urudi mara ya pili kuichonga, na kurudi ni rangi na ni wakati. Kalamu ya wino ya wachora ramani, ile iliyopita kwenye matundu ya normografu, nayo ilikuwa na ncha ya duara, ndiyo maana maandishi ya michoro ya zamani ya ufundi huishia mviringo. Umviringo umezaliwa na chombo. Volkswagen waliuchagua kwa makusudi. Mchoraji wa mtaa wa Manika ameupata bure.

Na anautumia vizuri. Tazama kabini za kuuzia mayunite, saloni za kusukia nywele, mikate, yoguti, shule za watoto wadogo, duka la alimantasyon lenye jina la mtoto wa kwanza wa mwenye duka. Herufi nene ya mviringo hapo iko nyumbani. Inaonekana kutoka upande wa pili wa barabara, inavumilia ukuta usionyooka, haikasiriki rangi ikichuruzika kidogo. Inamwambia mpita njia: ingia, hapa hakuna mtu mkubwa wa kukuuliza karatasi. Kampuni za simu zimelijua jambo hilo. Celtel ilipogeuka Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010, majina mapya yote mawili yaliandikwa kwa herufi ndogo tupu, bila kubwa hata moja mwanzoni, kama mtu anayevua kofia mlangoni. Hata kwa kitabu cha darasa la kwanza ningeitetea, hasa zile zenye a ya duara na kijiti, kwa sababu ndiyo a ambayo mtoto anafundishwa kuandika kwa mkono wake. Sheria ya elimu ya Februari 2014 imezipa lugha za taifa nafasi shuleni. Vitabu hivyo vya Kiswahili vitahitaji herufi isiyomtisha mtoto.

Basi shida iko wapi?

Mwaka jana nilikuwa nikitembea na binti wa dada yangu, mwanafunzi wa darasa la tatu, kwenye njia moja nje ya mji. Tulikuta kibao cha kampuni fulani kando ya seng'enge. Juu kulikuwa na Kifaransa, herufi kubwa zilizonyooka, nyeusi, za amri. Katikati kulikuwa na Kichina. Chini kabisa, kwa herufi nene za mviringo, ndogo zote, njano juu ya nyeupe iliyokwisha kuliwa na vumbi jekundu la malori, kulikuwa na Kiswahili: usichimbe hapa. Mtoto, anayejivunia kusoma kila kitu anachokiona, akasoma kwa sauti: "Usichimbe hapo." Kisha akaniangalia na kuniuliza swali ambalo sikuweza kumjibu: "Hapo wapi?"

Nilidhani amekosea kwa haraka. Nikarudi nyuma hatua ishirini nikakitazama mwenyewe. Hakukosea. Ile a ilikuwa duara lenye kijiti kifupi upande wa kulia, na kijiti kilikuwa kinene kiasi kwamba kimeliwa na duara. Kilichobaki ni o yenye nundu.

Hapo ndipo niliposhtuka kama mwanafunzi wa lugha. Hapa na hapo ni maneno mawili yanayotenganishwa na irabu moja ya mwisho. Tena katika kinywa chetu cha Kolwezi hata h huanguka, tunasema apa na apo, kwa hiyo irabu ile inabeba mzigo wote peke yake. Na si hapa na hapo tu. Kiswahili kimeweka sarufi yake kwenye irabu. Ya na yo, za na zo, cha na cho: a inamilikisha, o inarejea. Mwisho wa kitenzi ndio unaotoa amri: waingia ni habari, waingie ni ruhusa, na tofauti kati ya habari na ruhusa ni kama mlango mdogo wa e, ile nafasi iliyo wazi upande wa kulia. Herufi nene ya mviringo inakula nafasi hiyo kwanza. Kadiri mistari inavyonenepa, matundu ya ndani yanaziba. E inafunga mdomo, a inamezwa, na kutoka mbali zote mbili zinakuwa jamaa wa o. Nimeona pia kibao kilichokusudia kusema wasio na ruhusa wasiingie. Ukikitazama kutoka kwenye pikipiki kinaanza na wasia, na mtu anaweza kujiuliza ni marehemu gani aliyeandikiwa mali hiyo.

Konsonanti hazina shida hiyo kwa kiasi hicho. K inabaki k hata ukiinenepesha, t vilevile, na p haichanganyiki na m. Mfaransa akipoteza irabu moja kwenye kibao, konsonanti zake nyingi zinamwokoa. Defense d'entrer inasomeka hata ikiwa imechakaa. Kiswahili, ambacho karibu kila neno lake asilia linaishia kwa irabu na ambacho a ndiyo herufi yake inayojitokeza zaidi, hakina akiba hiyo. Kwa hiyo herufi ambayo kwa lugha nyingine ni suala la ladha, kwetu ni suala la maana. Sijaona darasa la fonolojia likitaja jambo hili, na naamini lingestahili saa moja.

Asistanti mmoja niliyemsimulia haya alinipinga, na upinzani wake ni wa haki. Alisema kwamba ishara haina uhusiano wa asili na kinachoashiriwa, tulifundishwa hivyo tangu mwaka wa kwanza. Hakuna umbo linalocheka kwa asili yake. Akanikumbusha Japani, ambako vibao vya stesheni za reli ya serikali viliandikwa kwa miongo kadhaa kwa herufi nene za mviringo, na hakuna Mjapani aliyedhani treni ni mzaha. Kule mviringo ni sauti ya ofisi.

Nakubali, na nadhani mfano wake unanisaidia mimi kuliko yeye. Kama sauti ya herufi inatokana na mazoea, basi tuulize ni mazoea gani yaliyotufundisha sisi. Mjapani aliizoea kwenye stesheni. Mtoto wa Kolwezi ameizoea kwenye mfuko wa maziwa ya unga, kwenye bomboni, kwenye kabini ya mayunite, kwenye kalikoti ya tamasha. Kila mara alipoikuta ilikuwa ikimwita. Leo mnaiweka kwenye seng'enge mkitaka imfukuze, naye atakuwa amefanya kosa gani akiamini alichofundishwa? Na hata kama mazoea yangegeuka kesho, matundu ya a na e hayatafunguka kwa mazoea. Hilo ni la jicho, si la desturi.

Kuna jambo jingine kwenye kile kibao, na ndilo lililonikera zaidi ya hapo na hapa. Kwa nini Kifaransa kilipewa herufi iliyonyooka na Kiswahili kikapewa ya mviringo? Aliyetengeneza kibao alikuwa na kompyuta moja na programu moja. Angeweza kuzipa lugha zote tatu herufi ya namna moja. Tangu siku ile nimekuwa nikitazama, na kwenye vibao vingi nilivyovitazama mgawanyo ni ule ule: Kifaransa kinaamuru, Kiswahili kinachekesha. Kifaransa kinasema sheria inasemaje; Kiswahili kinaongezwa chini kama mjomba anayepita kwenye harusi akitafsiri hotuba kwa vichekesho. Sidhani kuna mtu aliyekaa mezani akaamua hivyo. Nadhani mkono ulikwenda wenyewe, kwa sababu ndani ya kichwa cha mwenye mkono Kiswahili ni lugha ya soko, ya wimbo, ya sabuni, na lugha ya namna hiyo inapendeza ikiwa nene na laini. Tunalalamika kila mwaka kwenye makongamano kwamba Kiswahili hakiheshimiwi ofisini. Dharau hiyo iko barabarani, imechapwa kwa vinili, na hatuisomi.

Nisieleweke kwamba nazungumzia adabu tu. Huu ni mji ambao neno usichimbe si neno la mapambo. Kasulo, tangu mwaka 2014, watu walichimba kobalti chini ya vyumba vyao vya kulala. Juni 2019 ukuta wa mgodi wa KOV uliporomoka ukaua wachimbaji wapatao 40. Februari mwaka huo huo, katika kijiji cha Kabwe kwenye barabara ya Lubumbashi kuja hapa, lori la asidi liligongana na magari mengine, na karibu watu 20 walikufa. Sisemi kwamba herufi iliua mtu yeyote mahali popote hapo. Wachimbaji wengi wanaingia wakiwa wamesoma kibao vizuri kabisa, kwa sababu nyumbani hakuna kitu, na hakuna umbo la a litakalobadili hilo. Ninachosema ni kidogo zaidi. Katika nchi ya mashimo na asidi, yule anayeandika neno la kukataza ana wajibu wa kuliandika lisomeke, na kuliandika kwa sauti ya kukataza. Akishindwa hata hilo, asije akasema kesho kwamba watu walionywa. Maana hiyo ndiyo kazi ya pili ya kibao, tusijidanganye: kibao kinamlinda mpita njia, na kinamlinda mwenye kibao mbele ya hakimu. Kibao kisichosomeka kinafanya kazi ya pili tu.

Wala wachoraji wetu wa mitaani hawana hatia hiyo, na hapa nashangilia ukoo wangu kidogo. Nendeni Musompo mkatazame depo za wanunuzi wa madini. Jina fupi la mnunuzi, namba, asilimia na bei. Vimeandikwa kwa mkono, mara nyingi kwa herufi kubwa tupu, kwa haraka, kwa sababu bei ikibadilika itafutwa. Hakuna mtu anayekosea kusoma pale, kwa kuwa kosa ni pesa. Mchimbaji mwenye gunia mgongoni anasoma kutoka mbali kama anashuka hapa au anaendelea depo ya jirani. Kama herufi inaweza kusomeka pale inapomletea mnunuzi faida, inaweza kusomeka pia pale inapomkataza mtu kuingia shimoni.

Nilimpeleka baba mdogo akakione kile kibao. Alikizunguka, akagonga ubao kwa kidole (ni tabia yake, hugonga kila ubao), akasema kazi ni nzuri, rangi ndiyo mbaya. Nikamwonyesha a. Akainamisha kichwa, akatazama muda mrefu, kisha akasema, "Iyi herufi iko inacheka. Utakataza mutu na kinywa yenye iko inacheka?" Akanieleza alivyofundishwa na fundi wake: neno la kuita, andika ndogo na nene, neno la kukataza, andika kubwa yote, acha nafasi kati ya herufi na herufi, na usinenepeshe mpaka tundu liwe dogo kuliko mstari. Mnaona, mtu ambaye hakukanyaga kitivo chochote ana kanuni, na kanuni yake inajibu tatizo letu la irabu moja kwa moja. Kwa herufi kubwa, A ni pembe tatu na O ni duara. HAPA na HAPO hazigusani hata ukizitazama kutoka kwenye lori linalokimbia. E kubwa ina meno matatu na haiwezi kuwa O kamwe. Hata pinso yake isiyo na kona haimzuii, kwa sababu mviringo wa ncha si tatizo. Tatizo ni unene uliozidi, na herufi ndogo za duara, na neno lisilostahili. Alinionya jambo moja tu, nami nalipitisha kwenu: USIINGIE ikiandikwa kwa herufi nene bila nafasi, zile I mbili za katikati zinafanana na namba kumi na moja, na kuna dereva atakayeuliza kumi na moja ya nini.

Kuna ya kusema pia juu yetu wenyewe, nami nitasema upesi kwa kuwa sina mkono safi. Jalada la TFC yangu ya kwanza niliyoipeleka kwa mwongozaji lilikuwa na Arial Rounded ya samawati, na kichwa chake kilihusu misemo ya maombolezo. Profesa hakusema lolote juu ya herufi. Alisahihisha nukta mbili. Mwaka 1965 André Yav na wenzake walipoandika historia ya mji wa Élisabethville kwa Kiswahili cha Katanga, ile tunayoisoma leo darasani kwa jina la Vocabulaire, walikuwa na mashine ya taipu iliyowapa umbo moja la herufi kwa kila kitu, kwa kicheko na kwa kilio. Sisi tuna maumbo mia kwenye sekretaria na tunachagua lile linaloonekana kwanza kwenye orodha yenye kitu kinene. Hata jalada la jarida hili hili, wahariri mtanisamehe, toleo lililopita lilikuwa na neno Kiswahili lililonona mpaka s na w zake zilikuwa zinakanyagana.

Ninachoomba si kikubwa. Kitivo chetu kinaombwa mara kwa mara kutafsiri maneno ya vibao na ilani. Kampuni zinaleta karatasi ya Kifaransa, asistanti anarudisha karatasi ya Kiswahili, kazi imekwisha. Isiishe hapo. Tafsiri iende na sharti lililoandikwa: Kiswahili kipewe herufi ile ile na ukubwa ule ule wa Kifaransa, maneno ya kukataza yawe ya herufi kubwa, na kabla kibao hakijachapwa mtu mmoja wetu akakisome kutoka hatua thelathini, afadhali akiwa na mtoto wa darasa la tatu. Herufi nene ya mviringo tuiachie mikate, saloni, shule za watoto na mayunite. Itaendelea kuishi vizuri huko, na hakuna anayetaka kuiona ikinyang'anywa kabini.

Jumamosi iliyopita nilimwomba baba mdogo aniandikie kwenye tripleksi USICHIMBE HAPA kwa kanuni ya fundi wake, nikapeleke darasani tukaijadili. Aliandika kwa nusu saa, herufi nyeusi juu ya njano, nafasi pana, na hakuna hata moja iliyotabasamu. Pembeni kulikuwa na Kingamyambo ya wiki ile, nyekundu, bado haijakauka. Nilimshukuru nikaanza kuondoka na kibao changu. Akaniita kabla sijafika mlangoni: "Na rangi, ni nani njo atalipa?"